Taa Nyekundu ya Betri: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Wiki iliyopita tulizungumza juu ya magurudumu na hewa yake. Wiki hii twataka kueleza habari za ile taa nyekundu yenye picha ya betri, ambayo huwaka mbele ya macho ya dereva. Taa yenyewe ni ndogo kama punje ya hindi, lakini kwa kutoielewa watu wengi wametupa fedha zao bure, na wengine wamelala njiani pamoja na maziwa yao.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Kinangop ambaye kila alfajiri hupeleka maziwa kwa pikapu yake. Siku moja jioni taa hiyo yawaka naye yumo njiani kurudi nyumbani. Kesho yake pikapu yakataa kuwaka. Fundi wa karibu aitwa, aitazama betri, asema, "Mzee, betri hii imekufa, nunua nyingine." Mzee atoa maelfu ya shilingi, betri mpya yatiwa, injini yanguruma mara moja, na kila mtu afurahi. Hakuna aliyeangalia kwamba ile taa nyekundu bado yawaka. Siku ya pili yake, usiku, taa za mbele zaanza kufifia kama kibatari kilichokwisha mafuta, kisha injini yazimika kabisa kilimani. Betri mpya imekauka umeme sawasawa na ile ya kwanza.

Je, kosa lilikuwa wapi? Mkulima huyo alifanya kama mtu ambaye tangi lake la maji limekauka kwa sababu pampu imeharibika, naye badala ya kutengeneza pampu akaenda kununua tangi jipya lililojaa maji. Atakunywa siku mbili, kisha kiu itarudi.

KAZI YA TAA HII

Yafaa kwanza kujua umeme wa motokaa hutoka wapi. Betri ndiyo tangi: kazi yake kubwa ni kuzungusha stata ili injini iwake. Injini ikishawaka, chombo kingine kiitwacho altaneta huzungushwa na mkanda, nacho hutengeneza umeme wa kulisha taa, plagi, pampu ya petroli, feni na vyombo vingine vyote. Umeme unaosalia huirudishia betri kile kilichotumiwa na stata. Altaneta ndiyo pampu yetu.

Sasa taa yenyewe. Katika motokaa za kawaida taa hii imefungwa katikati ya njia mbili. Upande mmoja hupata umeme wa betri kwa njia ya swichi ya ufunguo; upande wa pili umeunganishwa na altaneta. Ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, upande wa betri una nguvu na upande wa altaneta hauna kitu, basi umeme hupita na taa huwaka. Injini ikizunguka, altaneta nayo hutoa nguvu. Pande mbili zikilingana hakuna umeme upitao, na taa huzimika. Ni kama watu wawili wavutanao kamba kwa nguvu zilizo sawa: kamba haiendi upande wowote. Katika motokaa mpya hukumu hiyo hutolewa na kompyuta ndogo, lakini maana ya taa ni ile ile.

Kwa hiyo msomaji ashike neno hili moja, kwani ndilo lenye faida kuliko yote tutakayosema: taa hii haipimi afya ya betri. Yatoa habari kwamba betri hailishwi. Ikiwa motokaa yako huwaka kwa shida asubuhi, lakini taa huzimika mara injini inapozunguka, hapo ndipo pa kuishuku betri yenyewe, au stata, au nyaya zake. Lakini taa ikiwaka wakati injini inazunguka, ianze kushukiwa altaneta, pamoja na mkanda wake na nyaya zake.

Jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii: kila unapofungua ufunguo, kabla ya kuwasha, taa hii ni lazima iwake. Isipowaka, usifurahi ukidhani mambo ni mema. Huenda globu yake imeungua au waya umekatika, na mlinzi aliyelala hapigi kelele mwizi ajapo. Tena katika motokaa nyingi za zamani umeme mdogo upitao kwenye globu hiyo ndio unaoiamsha altaneta ianze kazi. Globu ikiungua, altaneta nzima yaweza kukaa bure.

TAA IKIWAKA NJIANI

Jambo la kwanza, tazama kipimo cha joto la injini na uupime usukani kwa mikono yako. Katika motokaa nyingi mkanda unaozungusha altaneta ndio huo huo unaozungusha pampu ya maji, na mara nyingine pampu ya usukani. Taa ikiwaka, na joto likipanda, au usukani ukawa mzito ghafula, mkanda umekatika. Simama mahali salama, zima injini, uweke pembetatu zako za kuonya. Usijidanganye kwamba utafika duka lile pale mbele. Injini isiyozungushiwa maji huharibika kwa mwendo mfupi sana, na gharama yake yashinda bei ya altaneta mara nyingi.

Wenye dizeli za zamani waangalie zaidi. Katika injini kadha wa kadha, kama zile za Toyota ziitwazo 2L na 3L ambazo zimebeba mizigo mingi katika nchi yetu, pampu ivutayo hewa ya kusaidia breki imefungwa nyuma ya altaneta. Mkanda ukikatika, msaada wa breki nao waondoka baada ya kukanyaga mara chache, na mguu huhitaji nguvu nyingi kuisimamisha gari. Mtu ateremkaye Mai Mahiu na shehena ya viazi hapaswi kujifunza jambo hili kwenye mteremko.

Jambo la pili, ikiwa joto ni la kawaida na usukani ni mwepesi, mkanda huenda ungalipo, nawe sasa waenda kwa akiba ya betri peke yake. Zima redio, kipoza hewa, na kila kitu kisicho cha lazima, wala usiizime injini mpaka ufike penye msaada, kwa maana huenda isiwake tena.

Utafika wapi? Tufanye hesabu. Betri ya kawaida ya motokaa ndogo huandikwa 45, maana yake ikijaa yaweza kutoa ampea 1 kwa muda wa saa 45, au ampea 20 kwa saa 2 na robo kwa hesabu ya karatasi. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja ni wati 110. Gawanya kwa volti 12, utapata ampea 9 hivi. Ongeza plagi, pampu ya petroli, kompyuta na feni ya rejeta, nawe umefika ampea 20 au kuzipita. Lakini injini ya petroli huzimika kabla betri haijaisha kabisa, na betri iliyokwisha kutumika miaka mitatu haina tena 45 zake. Basi hesabu nusu ya saa, au saa moja ukiwa na bahati na ikiwa ni mchana. Usiku, tafuta kituo cha karibu ukalale. Gari lisilo na taa barabarani ni hatari kwako na kwa wengine.

UCHUNGUZI USIOGHARIMU HATA SENTI

Zima injini, toa ufunguo, uiache ipoe, kisha fungua boneti. Makosa mengi yaonekana kwa macho tu.

Tazama mkanda. Je, upo? Je, una nyufa, au umeng'aa kama kiatu kilichopakwa dawa, au umelowa mafuta ya injini? Mkanda uliong'aa huteleza bila kuzungusha, na aghalabu hulia sauti kali asubuhi au unapowasha taa za mbele. Ikiwa ni mkanda wa zamani wenye umbo la V, ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu; usilegee kupita nusu inchi hivi. Mikanda mipana yenye mifereji, iliyo katika motokaa nyingi za siku hizi, mara nyingi hukazwa na springi yake yenyewe. Hapo kagua kama gurudumu la kukazia halitikisiki wala kulia.

Kisha shika vishikio vilivyo juu ya vichwa vya betri, ujaribu kuvizungusha kwa mkono. Kishikio kizuri hakigeuki. Barabara zetu za marram hutikisa kila kitu, na kishikio kilicholegea kidogo tu chaweza kuiwasha taa au kuizuia motokaa isiwake. Ukiona unga mweupe au wa kijani, fungua kwanza kishikio cha hasi, ndicho chenye alama ya kutoa, kisha cha chanya. Osha kwa maji ya moto yaliyokorogwa magadi kidogo, ukiangalia yasiingie ndani ya betri. Sugua kwa brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, kausha, urudishe chanya kwanza na hasi mwisho. Utaratibu huu una sababu yake: mwili wote wa motokaa umeunganishwa na hasi, na spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya, hutoa cheche kubwa iwezayo kukuunguza.

Mwisho, fuata nyaya zilizo nyuma ya altaneta: waya mmoja mnene na soketi ya nyaya nyembamba. Angalia kama soketi imechomoka, kama waya umeungua, au kama panya wamekula. Motokaa inayolala karibu na ghala ya mahindi haikosi wageni hao. Kagua na fyuzi pia. Kifuniko cha sanduku lake kwa kawaida huonyesha ni ipi ya kuchaji.

KUPIMA KWA MITA

Ikiwa hujaona kosa, sasa yafaa kupima. Mita ndogo ya umeme hupatikana katika maduka ya vyombo vya umeme kwa bei isiyofikia hata robo ya bei ya betri, na kila mwenye motokaa angefanya vema kuwa nayo. Iweke kwenye volti 20 za umeme wa moja kwa moja, waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi.

Pima kwanza asubuhi, kabla ya kuwasha, motokaa ikiwa imepumzika usiku kucha. Volti 12.6 au zaidi kidogo, betri imejaa. Volti 12.4, imebaki robo tatu hivi. Volti 12.2, nusu. Volti 12.0 au chini yake, karibu ni tupu, nayo ni lazima ichajiwe kabla ya kuhukumiwa.

Kisha washa injini upime tena pale pale. Altaneta nzima huonyesha kati ya volti 13.8 na 14.5. Mwambie mtu akanyage mafuta kidogo, uwashe taa kubwa na feni ya ndani. Mita ishuke kidogo tu. Ikibaki kwenye volti 12 na kuendelea kushuka polepole, betri hailishwi. Ikipanda kupita volti 15, regyuleta, yaani kidhibiti cha umeme kilichomo katika altaneta, kimeshindwa kuzuia. Betri itachemka, itanuka kama mayai yaliyooza, na globu zitaungua moja baada ya nyingine. Katika baadhi ya motokaa mpya kompyuta hupunguza chaji makusudi ili kuokoa mafuta. Kwa hiyo volti 13 wakati taa zote zimezimwa si lazima iwe ni ugonjwa, bora ile taa nyekundu isiwake.

Kipimo cha tatu ndicho kiokoacho fedha nyingi, na mafundi wengi hukiruka. Injini ikizunguka, gusa kwa waya mwekundu wa mita ile nati ya waya mnene nyuma ya altaneta, ule mweusi ukiwa kwenye hasi ya betri. Ukipata volti 14.4 pale, na 12.4 tu kwenye betri, altaneta haina kosa lolote: umeme unatengenezwa lakini haufiki. Kosa ni waya, au fyuzi kubwa, au nati iliyolegea. Pande zote mbili zikiwa chini, kosa ni altaneta au nyaya zake nyembamba. Ufanyapo kazi hii fungia tai, ncha za koti au leso mbali na mkanda, wala usiguse nati ile kwa spana. Ina umeme wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako.

Taa ikiwaka kwa unyonge, kama kaa lililofunikwa majivu, na betri ikawa huisha usiku gari ikiwa imesimama, huenda diodi za altaneta zimeharibika. Diodi ni kama milango ifungukayo upande mmoja tu; mlango ukivunjika, umeme wa betri hurudi nyuma na kupotea.

DESTURI ZA KUACHWA

Iko desturi moja ambayo twaomba kila msomaji aikatae. Fundi huwasha injini, kisha hufungua kishikio cha betri, akisema, "Injini ikiendelea, altaneta ni nzima." Desturi hii ni urithi wa siku za dainamo. Motokaa za miaka ya 1950, kama Land Rover za wakati ule, zilikuwa na dainamo, wala hazikuwa na kompyuta wala diodi za kuungua. Altaneta zilianza kuenea katika miaka ya 1960. Kampuni ya Chrysler ya Marekani iliitia katika motokaa yake ya Valiant mwaka wa 1960. Leo ukiitoa betri wakati altaneta inafanya kazi, nguvu ya umeme yaweza kuruka juu ghafula, ikaunguza diodi, regyuleta, na hata kompyuta ya injini. Mtu alikuwa na ugonjwa mmoja, sasa ana mitatu, na fundi atamlipisha yote.

Desturi ya pili ni kugonga altaneta kwa nyundo. Kweli, pengine taa huzimika ukiigonga taratibu. Maana yake ni kwamba brashi za kaboni zilizo ndani zimelika, na pigo lile limezisogeza zikagusa tena. Hiyo ni dalili, si dawa.

Ya tatu ni kuongeza asidi katika betri iliyopungua. Kinachopungua humo ni maji. Ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, wala si ya mfereji au ya kisima. Ya nne ni kuvuta sigara juu ya betri inayochajiwa, kwani hutoa hewa iwakayo kwa kishindo. Ya tano ni kuwasha motokaa yenye betri tupu kwa nyaya za jirani, kisha kutaraji altaneta iijaze betri yote peke yake. Altaneta yaweza kupata joto jingi na kuungua. Ipeleke betri kwa mchajaji kwanza.

KWA FUNDI

Ikithibitika kwamba ni altaneta, si lazima ununue nzima. Fundi wa umeme wa magari aliye hodari aweza kuifungua na kubadilisha brashi, regyuleta, sahani ya diodi au beringi. Mara nyingi brashi mbili ndogo ndizo ugonjwa wote. Ukiamua kununua iliyotumika kutoka Japani, kama ziuzwazo kwa wingi katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, chukua ile yako uzilinganishe: mifereji ya gurudumu, umbo la soketi, na mahali pa boliti. Omba ipimwe mbele yako kabla ya kulipa.

Tena usione haya kumwambia fundi, kwa adabu, "Fundi, nionyeshe kwa mita kabla ya kufungua, na unionyeshe tena baada ya kufunga." Fundi mwaminifu hatakasirika; ataona kwamba ana mteja anayejua thamani ya kazi yake. Yule anayekasirika amekwisha kukujibu.

Tungependa kila mwenye motokaa awe na kijitabu cha senti chache ndani yake. Aandike tarehe ya kununua betri, tarehe ya kubadilisha mkanda, na mara moja kila mwezi aandike volti mbili: za asubuhi kabla ya kuwasha, na za injini ikizunguka. Namba hizo zikianza kushuka mwezi hata mwezi, ataujua ugonjwa kabla taa haijawaka, naye atautengeneza siku aitakayo yeye, mbele ya mlango wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wiki ijayo tutaeleza juu ya stata, na kwa nini pengine hulia "tik" moja tu na kunyamaza, ingawa betri imejaa.